Mwisho wa Bwana Mwavuli

Walipokuja kuniambia kwamba Damari amefariki, nilimwuliza kijana mleta habari kama ameiona maiti kwa macho yake. Akanikodolea macho. "Bibi, ni bibi yangu mzaa mama," akasema. Nikamwambia pole mwanangu, pole sana, lakini umemwona? Ndivyo nilivyo, wajukuu zangu, na sitaanza kubadilika leo. Samaki sinunui mpaka nimemfunua shavu nitazame ndani, na kondakta akisema gari linaondoka sasa hivi, mimi natafuta mahali pa kukaa. Kijana alipoapa kwamba amemwona, ndipo nilipokaa pale pale mlangoni nikalia kama mtoto. Damari wangu. Kesho yake nikapanda gari kutoka Buganguzi kwenda msibani Rwamishenye, na tulipopita Muleba nilichungulia dirishani nitafute baraza la fundi tulilokalia mimi na Damari ujanani. Lilishavunjwa siku nyingi. Pamejengwa duka la vifaa vya simu, na mbele yake kijana mmoja anapiga muziki kwa sauti ya kuamsha wafu.

Msibani tulikaa chini ya turubai, wazee kwa wazee. Upande wangu wa kushoto alikuwa Laurenti, ambaye ujanani alikuwa akiendesha baiskeli yenye gunia la kahawa kutoka vijijini hadi Muleba, kabla hajavuka kwenda Uganda kutafuta kazi. Meno hana tena, lakini udaku anao wote. Tulisali, tukaimba. Halafu Laurenti akanigusa kiwiko. "Paskazia," akasema, "nisamehe kuuliza hapa. Yule Bwana Mwavuli aliishia wapi? Mimi niliondoka kabla hadithi haijaisha." Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Watu wawili wengine wakageuza shingo, nao wanataka kujua. Hakuna aliyeuliza habari za yule msichana jasiri wa hadithi ya picha aliyoichora Damari, wala za adui mkuu. Wote wanamtaka yule wa pembeni, aliyeonekana picha moja hapa, mbili pale, na mwavuli wake. Nikamwambia Laurenti nitamweleza, ila anyamaze, kwa sababu yeye ni mtu wa kudakiza.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa kuolewa na sikutaka kuolewa. Mwingereza alikuwa bado yupo, na Muleba ilikuwa barabara ya vumbi jekundu na soko. Mimi na Damari tulikuwa tunajifunza cherehani kwa fundi mmoja mwenye baraza pana kando ya soko. Nilitoka Buganguzi, nyumba ya rozari na migomba. Yeye alitoka huko huko Rwamishenye, nyumba ya Walutheri waliookoka kweli kweli, wasiogusa pombe, ambao mgeni walimpa chai ya maziwa na wimbo. Fundi alikata vipande vya nguo kwa kufuata karatasi za kaki, na mabaki ya karatasi hizo Damari aliyachukua akachora. Si maua wala nyumba kama wachoravyo wengine. Alichora hadithi. Alikata karatasi visanduku, kila kisanduku na picha yake, chini maneno machache ya Kiswahili, na ukivifuata kwa mpangilio watu walikuwa wanatembea, wanagombana, wanakimbia. Msichana mmoja alikuwa akitafuta ng'ombe wa baba yake walioibwa na bwana mkubwa asiyeonekana uso. Kila siku ya soko fundi alitundika karatasi mpya ukutani kwa pini, na watu wakajaa barazani, wajuao kusoma wakiwasomea wasiojua. Fundi alifurahi. Anayesubiri picha hushonewa na shati.

Tulikuwa tumepanga chumba kwa Mzee Kaijage, mkulima mjane aliyeishi na dada yake, Bibi Koku, juu kidogo ya soko, katikati ya kibanja cha migomba. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja cha miti na nyasi mpya sakafuni kila Jumamosi, zenye harufu nzuri ambayo mpaka leo nikiisikia nageuka. Ukuta haukufika juu, uliishia kichwani mwa mtu mrefu, kwa hiyo maneno ya sebuleni yalituangukia kitandani yote, mazuri na mabaya. Jioni tulikula pamoja, tumezunguka ndizi zilizofunuliwa kwenye majani ya mgomba, na maharage, na siku za neema samaki mkavu wa ziwani. Mzee hakuwa msemaji. Alikuwa mrefu, kovu dogo kidevuni, na hakutoka bila mwavuli wake mweusi, iwe mvua iwe jua. Mkono wa pili alishika kijikapu chenye mfuniko, cha kahawa ya kutafuna. Aliyekutana naye njiani alisimamishwa, kijikapu kikafunuliwa, mzee akatia punje moja mdomoni mwake, akatafuna, akameza, ndipo akamnyoshea. Niwaeleze wajukuu msiojua. Kwetu anayekupa huonja kwanza, uone kwamba hakuna sumu. Ikiwa ni lubisi, pombe yetu ya ndizi, yeye ndiye anayevuta mrija kwanza, na kahawa vilevile. Asipoonja, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja, unashukuru, unasema tumbo linauma, unaondoka upesi.

Sasa, yule mjumbe wa adui, aliyetumwa kupeleka vitisho na kurudisha majibu, Damari alimpa mwavuli. Watu wakambatiza Bwana Mwavuli. Wakampenda kama mtu apendavyo kuchokonoa jino bovu. Kisha ikaja siku ya soko ambayo siisahau. Katika kisanduku cha mwisho Bwana Mwavuli amefika kwa mjomba wa yule msichana. Amesimama mlangoni, mwavuli wazi, na mkono umemnyoshea mjomba kijikapu cha kahawa. Mdomo wake umefungwa kabisa. Mjomba ameshatia mkono. Halafu Anastela, mama muuza chumvi, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mawe, mama yangu! Hakuonja! Anamwua mjomba!" Umati mzima ukavuta pumzi. Nami nikavuta, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa naiona picha ile. Hapo mtu wa nyuma, sikumwona ni nani, akasema taratibu tu, kama anayetaja hali ya hewa: "Mwavuli ule naujua. Na huyu mchoraji si anaishi humo ndani? Ameona."

Ameona. Neno hilo moja lilitosha. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Kufika jua la alasiri kila kilima kilikuwa kimekumbuka kitu. Wakamkumbuka mwanamume mmoja wa Buganguzi aliyepita kwa Mzee Kaijage mwaka uliotangulia na kufa kwa tumbo, ingawa mimi natoka huko na najua alikuwa mgonjwa tangu zamani. Wiki hiyo Bibi Koku alikamua lubisi, akaalika majirani kama kawaida. Hakuja mtu. Pombe ikachacha kwenye mtumbwi wake wa kukamulia. Kanisani watu walisogea kidogo kidogo kwenye benchi mpaka mzee akabaki peke yake na mwavuli wake ubavuni. Kisha asubuhi moja tukatoka nje tukakuta migomba mitano ya upande wa njia imekatwa, mikungu imelala chini ingali michanga. Kwetu huo si wizi. Hiyo ni kumwambia mtu ahame. Bibi Koku alipiga magoti katikati ya ile migomba akaomboleza kama aliyefiwa. Na tukasikia kwamba wazee wa kijiji watakaa baada ya soko lijalo, waone kwanza picha inayofuata itasema nini. Ndiyo, nyinyi mnacheka. Wazee wazima, wenye ndevu, walikuwa wanangoja karatasi ya kukatia nguo itoe ushahidi. Kama Bwana Mwavuli angekuwa mwuaji ukutani, Mzee Kaijage angefukuzwa kwenye kibanja alimozika baba yake na babu yake.

Mimi je? Msiniulize, nitasema mwenyewe. Nilimshuku kila mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakula kwenye jani moja nao. Jioni nilijidai kufunga kamba ya kiatu mpaka Bibi Koku ameze tonge la kwanza. Nilisubiri nione Mzee amemega wapi, nami nikamega hapo hapo, hata kama pamebaki maganda. Maji niliyachota mwenyewe. Damari alikula tu, kama bata, na hilo nalo nikalishuku. Nilidhani hakuna anayeniona. Kisha jioni moja nikatambua kwamba Mzee Kaijage ameacha kumega upande wake. Alinyoosha mkono wake mrefu juu ya jani zima, akamega upande wangu, akachovya kwenye maharage yaliyo mbele yangu, akala, akarudisha mkono kwake kimya. Kesho yake akafanya vile vile. Na keshokutwa. Hakunitazama. Aibu ilinishika, lakini niseme kweli, nilikuwa nakula vizuri zaidi.

Damari nilimbana barazani, fundi akiwa ameenda kununua uzi. Nilikuwa na sababu. Mwanzoni mwa mwaka Mzee alimgombeza kwa kumaliza mafuta ya taa akichora, na Damari alinuna siku kadhaa. "Kwa nini hukumchora akitafuna?" nikamwuliza.

"Mwavuli ulijaza kisanduku," akasema. "Nilianza na mwavuli. Nilipofika usoni nafasi ilikuwa imekwisha, nikapiga mstari mmoja wa mdomo."

"Damari! Mhaya gani asiyejua mtu huonja kwanza?"

"Mhaya aliyelelewa na chai," akasema, na machozi yakamtoka. "Nyumbani kwetu mama anamimina, tunaomba, tunakunywa. Nilimwona Mzee akitafuna nikadhani anaipenda tu. Paskazia, nilidhani ni mlafi!"

Nilimtazama machoni nitafute uongo. Sikuuona, lakini uongo mzuri hauonekani, ndiyo maana ni mzuri. Nikamwambia basi amrekebishe, amchore mjomba yu mzima, na Bwana Mwavuli ametubu, amegeuka mtu wa Mungu. Akasema amefikiri hivyo. Anastela naye alishapita kumshauri kwamba Bwana Mwavuli atupwe ziwani na jiwe shingoni. Fundi alitaka aendelee tu kuua, kwa kuwa watu walikuwa wanazidi.

Usiku huo ukuta wetu mfupi ulituletea sauti za sebuleni. "Waondoe hawa wasichana," Bibi Koku alisema kwa Kihaya. "Wametuletea moto ndani ya nyasi." "Nikiwaondoa watasema nimewatisha," Mzee akasema. "Na huyu mdogo mwenye pengo, nikimwondoa nani atamwonjea?" Mwenye pengo ni mimi. Nilikuwa na mwanya mpana meno ya mbele, ninao mpaka leo. Damari alinifinya mkono gizani. Sikumfinya na yeye. Nilikuwa najiuliza kama Mzee anajua kwamba tunasikia.

Jioni ya mwisho kabla ya soko Mzee alitangulia kula, akanawa, kisha akamgeukia Damari. "Mwanangu," akasema, "huyo mtu wako wa mwavuli, mwisho wake ni upi?"

"Sijui, tata, baba yangu. Nataka kumfanya mwema."

"Usimfanye mwema. Watasema nimekupa kitu."

"Nimwue?"

"Ukimwua watasema umethibitisha."

Damari akaanza kulia juu ya ndizi. "Basi nifanyeje naye?"

Mzee alifuta vidole kwa jani polepole. "Mfikishe nyumbani," akasema. "Nimemwona anatumwa kila siku ya soko, mvua yake, jua lake. Hata mtu mbaya ana mahali anapoukunja mwavuli." Akainuka akaenda kulala. Bibi Koku akatutazama sote kama anayetaka kutupiga, akatuongezea maharage.

Siku ya soko watu walijaa mpaka barabarani. Wazee wa kijiji walikuwa wamesimama mbele, na Mzee Kaijage alikuja mwenyewe, akasimama ukingoni mwa baraza, na nafasi ya mtu mzima ikabaki wazi kila upande wake. Fundi akatundika karatasi. Kisanduku cha kwanza, bwana mkubwa ameshindwa, ng'ombe wanarudi, mjomba yupo kati yao mzima anacheka. Watu wakaguna, hawakupendezwa. Kisanduku cha pili, Bwana Mwavuli peke yake njiani kwenye mvua. Cha tatu, ananyosha kijikapu mlangoni, mlango umefungwa. Cha nne, mlango mwingine, umefungwa. Cha tano, nyumba ndogo kwenye migomba, migomba mingine imekatwa, na mlangoni amesimama msichana mwenye taa. Bwana Mwavuli amefunua kijikapu. Mdomo wake umefungwa, hajaonja, na msichana ameshatia kahawa kinywani, anatafuna, na katikati ya meno yake kuna mwanya mpana wa kupitisha mrija. Cha sita, mwavuli umekunjwa, umetundikwa ukutani, unatiririsha maji. Basi. Neno hata moja halikuandikwa.

Kwanza watu waliitazama picha. Halafu wakanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee mmoja wa kijiji akakohoa. "Binti," akasema, "wewe unalala kwa Kaijage. Unapokea kwake pasipo kuonjewa?"

Hapo ndipo nilipomchukia Damari kwa moyo wote, maana nilielewa alivyonitega. Muleba nzima ilinijua. Nilikuwa yule msichana anayenusa maziwa, anayemwuliza padri kama maji ya baraka yamechemshwa. Nikikohoa tu, Mzee amekwisha. Nikafungua mdomo nikiwa sijui kitatoka nini, na kilichotoka ni hasira. "Nakula kwake kila siku ya Mungu!" nikapiga kelele. "Ndizi zake, maharage yake, samaki wake! Mnaniona nimekufa?"

Anastela akaanza kucheka, cheko lake lile la tumbo. "Jamani, kama huyu anakula," akasema, "basi hata malaika wanaweza kula." Kicheko kikaenea hadi upande wa wauza mbuzi. Mzee Kaijage akapanda barazani mbele yao wote, akafunua kijikapu, akaninyoshea. Mkono wangu ulifika nusu ya njia ukasimama. Wenyewe ukasimama. Naye, kwa wepesi ambao hakuna mwingine aliyeuona, akatia moja mdomoni, akatafuna, akameza, ndipo nikachukua. Nyuma yangu mzee wa kijiji akanyosha mkono. Kisha Anastela. Kijikapu kilirudi kitupu. Lile baraza la wazee halikukaa tena, na Jumamosi iliyofuata watu watatu walikuja kusaidia kuotesha machipukizi ya migomba mahali palipokatwa. Hakuna aliyesema nani aliikata, na mmoja wa hao watatu mimi namshuku mpaka leo.

Tukirudi nyumbani, Mzee alitembea kando yangu chini ya jua kali na mwavuli wazi. "Umenisemea vizuri," akasema. "Lakini yule wa kwenye picha ni jasiri kukupita." Kisha akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, na jioni akamega upande wangu kama kawaida. Alifanya hivyo mpaka tulipomaliza kujifunza na kuondoka. Damari nilimsusia siku mbili. Siku ya tatu nikamwuliza kwa nini mimi, kwa nini asijichore mwenyewe. Akasema, "Nani angenijali mimi? Mimi nakula chochote. Nilihitaji mtu ambaye hamwamini hata mama yake." Akanikumbatia. Nami nikiwa nimekumbatiwa hivyo, nilikuwa bado najiuliza kuhusu yale mafuta ya taa. Nimejiuliza maisha yangu yote. Kila tulipokutana uzeeni nilimwuliza, Damari, ulikosea au ulikusudia? Naye akajibu kila mara, mwavuli ulijaza kisanduku, akacheka. Sasa amelala ndani ya sanduku, sitamwuliza tena.

"Kumbe alifika nyumbani," Laurenti akasema nilipomaliza. "Miaka yote nilidhani walimtupa ziwani." Hapo mjukuu wa Damari, binti mdogo mwenye suti nyeusi ya mjini, akatujia na sinia. Juu yake kulikuwa na kijikapu chenye mfuniko. Walutheri wa chai, jamani, Damari aliweka kahawa nyumbani mwake mpaka kufa! Binti akapiga magoti vizuri, akafunua, akatunyoshea, na mdomo wake ulikuwa umefungwa. Hakuonja. Hajui, nani amfundishe, wamekua na soda za chupa. Nikaona mikono ya wazee wenzangu imelala mapajani. Mmoja akaanza kusema tumbo linamsumbua. Laurenti akatazama miguu yake. Yule mtoto alibaki ameinua sinia, macho mekundu kwa kilio, na akaanza kuona kwamba amekosea kitu lakini hajui ni nini.

Mkono wangu ulisimama nusu ya njia, kama ule wa zamani. Kisha nikautia kijikapuni, nikachukua tatu, nikatia kinywani zote nikatafuna. Zilikuwa chungu vizuri, zimechemshwa na majani ya kutia harufu kama za Bibi Koku. "Paskazia," Laurenti akaninong'oneza, "wewe? Hungoji?"

Nikameza. Nikawafunulia mdomo wazee wote, pengo langu na yote yaliyobaki.

"Mnaniona nimekufa?" nikasema, na mikono ikaanza kuja kijikapuni mmoja mmoja.